Kifurushi cha Mama Ambokile

Jumapili, 3 Machi

Daftari hili nimelinunua Soko la Toi, kwa mama anayeuza madaftari ya shule yaliyobakiza kurasa. Kurasa za mwanzo kuna mtoto alifanya hesabu, zote kakosa. Nimezichana.

Naandika kwa sababu leo nina furaha na sina wa kumsimulia. Mama amepiga simu kutoka Tukuyu: kifurushi kimepanda basi tangu Alhamisi. Ndani kuna cheti cha kuzaliwa cha mwanangu Ambokile, cheti chenyewe, si nakala, na uzi wa vipimo. Uzi nilimwagiza mimi. Macho ya mama hayasomi tena namba za tepu, basi nikamwambia ampime mtoto kwa uzi kuanzia begani na kufunga mafundo: la kwanza kiunoni, la pili gotini, la tatu kisiginoni. Ndivyo alivyonifundisha yeye kabla sijagusa cherehani.

Baba yake Ambokile alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Mimi nilikuja Nairobi miaka miwili iliyopita kushona. Nilianzia Laini Saba, Kibera. Sasa niko Kawangware, karibu na steji ya 56, kwenye karakana ya Kasyoka, mama wa Kitui anayeshona sare za shule. Mtoto, ambaye sasa ana miaka minane, nilimwacha kwa mama yangu, na mama magoti yamechoka. Shemeji yangu Lusajo, kaka wa marehemu, anaishi Chunya. Mwaka huu amesema, kwa upole kabisa, kwamba masika yakiisha na mtoto bado yuko kwa bibi, atamchukua akakue na watoto wa ukoo wake. Lusajo si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonitisha, maana mtu mbaya ningejua la kumjibu.

Kasyoka amemwombea Ambokile nafasi kwenye shule tunayoishonea kaptura. Nafasi inashikwa mpaka muhula wa pili ufunguliwe, tarehe 29 Aprili. Uhamiaji nao hawatoi kibali cha mtoto mpaka wakione cheti kwa macho yao. Kwa hiyo: cheti, kibali, halafu Kasyoka ananipa siku tano nikamlete. Yamepangana vizuri mno, hata naogopa kuyatazama sana.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Matope mpaka mlangoni. Nimekata kaptura siku nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Basi limeshafika, nimeulizia. Hakuna aliyenipigia simu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeomba ruhusa ya asubuhi, nimekwenda mjini kwenye ofisi ya mizigo ya basi. Anayetoa mizigo ni kijana anaitwa Urbanus, jina limeandikwa kifuani. Nilimsalimu vizuri, nikamuuliza habari za kazi, habari za nyumbani. Akanitazama kama mtu aliyepotea njia, akasema, "Niaje madam, tracking number?" Sina namba yoyote ya mzigo. Akapitisha kidole kwenye daftari lake. Hakuna mzigo wa Tusekile Mwambapa.

Nilirudi kazini nimelowa. Kasyoka alinyoosha mkono tu kuelekea rundo la mikanda ya viuno.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Simu ya mama haipatikani. Huwa anaichaji dukani, na dukani umeme ukikatika basi.

Jumapili, 17 Machi

Nimempata mama. Nikamuuliza aliandika jina gani kwenye kifurushi. Akashangaa naulizaje swali kama hilo. Aliandikisha "Mama Ambokile, Nairobi", na namba ya simu iliyo nyuma ya kalenda yake. Namba hiyo si yangu. Ni ya Magdaline, jirani yangu wa Laini Saba, niliyekuwa natumia simu yake nilipofika, kabla sijasajili laini yangu.

Nilimpandishia sauti mama yangu. Nikamwambia mimi nina jina, jina alinipa yeye, kwa nini asingeliandika? Akasema, "Mwanangu, wewe ni mtu mzima una mtoto. Nikuandike Tusekile kwenye mzigo, wakabidhiane vijana wa mabasi jina lako la utotoni?"

Kwetu hiyo ni heshima. Tangu nijifungue hajaniita Tusekile hata siku moja. Nililijua hilo na bado sikufikiria kumwambia. Nilikata simu bila kumuaga vizuri, na mpaka sasa nina hasira, sijui na nani.

Jumatatu, 18 Machi

Jioni nilipitia Laini Saba. Magdaline alikuwa anakaanga omena, wale dagaa wa huku, kando ya reli, akanipokea kwa vicheko: "Tanzania! Umetutupa kabisa!" Pale ploti nzima ya wapangaji waliniita Tanzania, tangu siku ya kwanza.

Nikamuuliza kama kuna mtu alimpigia kuhusu mzigo. Akaacha kugeuza omena. Walimpigia, kasema, mara mbili. Waliuliza kama yeye ni Mama Ambokile. Akawaambia hamjui mtu huyo na wafute namba yake.

"Aki pole," akasema. "Nilidhani ni wale wezi wa simu. Sasa mimi ningejuaje hiyo ni wewe?"

Nilikaa nikala omena zake. Zilikuwa tamu, nikachukia kwamba ni tamu.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimekiona kifurushi.

Kipo kwenye rafu ya tatu nyuma ya wavu wa chuma, kimeshonewa ndani ya kitambaa cha kitenge cha mama, kile cha kijani chenye majani ya mgomba. Nakijua kitambaa kile. Nililala mgongoni kwa mama nikiwa ndani yake. Nilikionyesha kwa kidole, nikasema ni kile pale. Urbanus akakishusha, akasoma, akanitazama.

"Jina kwa mzigo ni Mama Ambokile. Kwa passport ni Tusekile. Namba ya simu si yako, na mwenye namba alisema hajui huyo mtu. Sasa mimi nikiulizwa, nitasema nilipea nani?"

Nikamweleza. Nilieleza polepole, na watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Kwetu mtu huitwa kwa mtoto wake. Mtoto wangu ni Ambokile. Ndani ya kifurushi kuna cheti chake, na kwenye cheti mama yake ni mimi. Afungue tu aone.

"Siwezi fungua mzigo ya mtu."

"Ni wangu."

"Hiyo ndio tunajaribu kujua," akasema, na kukirudisha juu ya rafu.

Kilikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nilimwita mjinga, kwa Kiswahili chetu kizuri, bila kuinua sauti. Nadhani alielewa.

Ijumaa, 22 Machi

Naota rafu.

Jumatano, 27 Machi

Sitaki kuandika ya leo lakini nisipoandika yatazunguka kichwani usiku kucha.

Nilikwenda tena na Magdaline, aliyefunga biashara yake kwa ajili yangu. Akamwambia Urbanus kwamba namba ni yake na mimi ndiye mwenye mzigo. Urbanus akamuuliza, "Huyu anaitwa nani?" Magdaline akajibu bila kufikiri, "Tanzania." Halafu akajiziba mdomo kwa kanga.

Urbanus hakucheka. Niliona kwamba kijana anataka kusaidia, ila msimamizi wake alikuwa amekaa nyuma yake, akitazama kila mzigo unaotoka. Basi akapata wazo. Kwenye kifurushi kuna namba ya aliyetuma. Angempigia, athibitishe. Nilimshukuru hata kabla hajapiga. Akaweka simu juu ya meza, sauti wazi, ili msimamizi naye asikie.

Iliita sana. Kisha sauti ndogo: "Haloo."

Alikuwa Ambokile.

"Niaje kijana," akasema Urbanus. "Mama ako wapi?"

"Mama ameenda kuchuma majani ya maboga."

Urbanus akanitazama. "Mama yako anaitwa nani?"

"Atuganile," akasema mwanangu, wazi, kama mtoto anayejibu darasani.

Atuganile ni mama yangu.

Niliinama juu ya meza. Nikasema, "Ambo, ni mimi. Ni mama."

Nilisikia kuku wa nyumbani na mvua kwenye mabati ya nyumbani. Kisha akauliza, kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni, "Mama wa Nairobi?"

Nikasema ndiyo. Nikatafuta neno jingine la kuongeza na simu ikakatika.

Urbanus alikuwa anatazama meza. Kama angekuwa peke yake, naamini angenipa. Msimamizi akasema kutoka nyuma, bila ubaya wowote, kwamba mtoto mwenyewe ametaja mama mwingine, kwa hivyo iletwe barua kutoka kwa aliyetuma, yenye muhuri wa serikali ya kijiji chake, ikisema Mama Ambokile ni nani. Magdaline akanishika kiwiko. Tulitembea mpaka steji ya matatu, na tulipofika akasema kitu kimoja tu: "Ako na sauti poa huyo mtoto."

Alhamisi, 28 Machi

Nimeshona. Nimefumua. Nimeshona.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemweleza mama kuhusu barua. Sikumwambia aliyoyasema Ambokile. Alikuwa anajua tayari, mtoto alimsimulia, na mama akalia kwenye simu akiomba radhi, eti yeye hakumfundisha, mtoto alianza mwenyewe kumwita hivyo mwaka jana kwa kuwasikia wenzake wakiita mama zao. Nikamwambia haina neno. Haina neno, nilisema mara tatu.

Barua inabidi isainiwe na mtendaji wa kijiji. Mtendaji yuko Mbeya kwenye semina.

Jumatatu, 8 Aprili

Mtendaji amerudi. Muhuri umebaki Mbeya.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua haikatiki hapa wala kule. Mama alitembea mpaka ofisi ya kijiji kwa magoti yale, akakuta imefungwa, akarudi. Wiki ijayo anakwenda tena. Mimi niko hapa chini ya bati la Kasyoka, nashona kaptura za watoto wa watu, na mama yangu anatembea kwenye utelezi wa Tukuyu kutafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba nilizaa.

Jumatano, 17 Aprili

Nilikwenda mjini kumwomba Urbanus wasikirudishe kifurushi, maana mizigo isiyochukuliwa hurudi. Alikuwa peke yake. Akanionyesha kwamba amekishusha kutoka rafu ya tatu, panapovuja, amekiweka chini ya meza yake kwenye gunia kavu.

Akaniambia pia, sikumuuliza, kwamba mwaka jana alimpa mama mmoja mzigo kwa sababu alilia sana. Zilikuwa dawa za mzee wa watu. Mwenyewe alikuja kesho yake. Tangu hapo, kasema, machozi hayaangalii, anaangalia jina.

Nilimwomba msamaha kwa siku ile niliyomwita mjinga. Akasema amezoea.

Jumatano, 24 Aprili

Mama amepata barua, ina muhuri. Mwenye duka ameandika kwenye bahasha jina langu lote na namba yangu mwenyewe, nimemsomea kwenye simu mara mbili. Lakini barabara ya kwenda Mbeya imekatika, udongo umeporomoka, mabasi hayapiti.

Zimebaki siku tano.

Jumatatu, 29 Aprili

Shule hazikufunguliwa. Wametangaza kuahirisha kwa ajili ya mafuriko, na mimi nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu karakanani na nikapiga makofi kwa furaha.

Saa nne Magdaline akanipigia: maji yameingia nyumbani. Nikaenda. Laini Saba hata njia haionekani. Tulibeba godoro lake watu wanne, tukaliegemeza ukutani kanisani, likawa linatiririka maji kama kitambaa kilichotoka beseni. Ndiyo mvua niliyoipigia makofi.

Tukiwa tumekaa kwenye benchi la kanisa akaniambia, "Miaka mbili nakuita Tanzania. Hata siku moja sijauliza kama uko na mtoto."

"Na mimi sikusema."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kweli, ambayo hata mimi sikuwa nimeiweka mbele yangu: kwamba nikimtaja, mtu atauliza yuko wapi. Nitajibu nimemwacha. Basi nikaona heri niitwe jina la nchi. Wangeniita Mama Ambokile pale Laini Saba tangu siku ya kwanza, Magdaline angejibu ile simu na mwanangu angekuwa na kibali sasa hivi. Mama alinipa jina hilo kwa heshima. Mimi ndiye niliyelificha.

Magdaline alikamua kanga yake, akanikunjia nikalie juu yake, maana benchi lilikuwa limelowa.

Jumamosi, 4 Mei

Wameahirisha tena. Safari hii sikupiga makofi. Barabara kule wanaitengeneza.

Jumatano, 8 Mei

Barua imepanda basi. Shule sasa zinafunguliwa Jumatatu. Kasyoka alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, mama yule asiyeomba mtu kitu, akarudi na wiki moja ya nyongeza. Akaniambia kwa ukali, kama ananigombeza, nikate kaptura ya mtoto kabisa. Nikamwambia sina vipimo. Akasema, "Si uko na macho? Kata ya miaka nane." Lakini sijui miaka minane ya Ambokile ina urefu gani. Nilimwacha akiwa na miaka sita.

Jumapili, 12 Mei

Lusajo alikwenda Tukuyu jana. Hakwenda kwa ugomvi. Alileta sukari na blanketi la mama. Alimkuta mama kitandani, miguu imevimba kutokana na safari za ofisi ya kijiji, na mtoto ndiye anayepika. Akasema hawezi kumwacha mtoto wa kaka yake namna hiyo. Mama akamwambia barua iko njiani, kifurushi kitatoka, Mama Ambokile anakuja. Akamjibu, "Akija Chunya nitampokea, shemeji yangu yule. Lakini mtoto halali hapa tena akipika mwenyewe."

Wameondoka leo alfajiri.

Nilipompigia Lusajo alinisikiliza mpaka mwisho. Nilisema mengi, mengine hayafai kuandikwa. Nikamaliza. Akauliza, kwa ile sauti yake ya upole, ningemwambia afanye nini. Mama hawezi tena. Siku tano nilizonazo zinatosha kwenda na kurudi tu, si kumuuguza mama, na bila kibali ningemleta Nairobi akae wapi, asome kwa karatasi gani? Nilitafuta kosa katika maneno yake yote na sikulipata.

Aliniwekea Ambokile kwenye simu. Amesema huko kuna baiskeli.

Jumatatu, 13 Mei

Shule zimefunguliwa. Asubuhi wamepita hapa mlangoni kwa mafungu, wote wamevaa kaptura zangu. Nyingine zimewabana, nyingine zimewapwaya. Kasyoka alifunga mlango wa mbele akasema jua linapiga cherehani. Hakukuwa na jua.

Ijumaa, 17 Mei

Barua imefika. Urbanus alinipigia mwenyewe, kwenye namba yangu, akaniita kwa jina langu lote. Niliweka pasipoti mezani, akasoma barua, akapiga muhuri, akaniletea kifurushi. Haikuchukua hata muda wa kufunga mwavuli.

Nimekifungulia chumbani. Ndizi za kukausha alizoongeza mama zimeota ukungu. Cheti kimebaki kikavu ndani ya nailoni: jina la mama, Tusekile Mwambapa. Uzi ni mweupe, wa gunia la mbolea, una mafundo matatu. Niliukanyaga ncha kwa kidole cha mguu, nikaunyoosha. Bega lake linafika hapa kwangu, juu kidogo ya kiuno. Nilikuwa nafikiri bado ananifika mapajani.

Nimesimama na ule uzi mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumapili, 19 Mei

Lusajo amenipigia. Shule ya kule nao wanataka cheti ili wamwandikishe. Amesema niamue mwenyewe, yeye halazimishi. Nikikizuia, mtoto atakaa nyumbani na baiskeli. Nikikituma, atakuwa mtoto wa Chunya.

Nimemwambia nitakituma.

Jumatano, 22 Mei

Kasyoka amenipa kitambaa, cha rangi ya bluu, si cha shule yoyote. Nimekata kaptura mbili na shati kwa kufuata mafundo. Uzi ulipimwa Februari na sasa ni mwisho wa Mei, basi nimeacha pindo la vidole vinne. Kasyoka amepima kwa mkono wake akasema ni nyingi mno, mtoto hakui hivyo. Sikulipunguza.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua imekatika. Nimeshonea kifurushi, nguo na cheti, ndani ya kitenge kilekile cha kijani, nikakipeleka mjini. Uzi nimebaki nao.

Urbanus akachukua kalamu. Mpokeaji: Ambokile, jina lake lote kama lilivyo kwenye cheti, na la baba yake mkubwa Lusajo, na namba yake. Akaandika.

"Jina ya mwenye anatuma?"

"Mama Ambokile."

Akaacha kalamu. "Tafadhali madam. Yenye iko kwa passport. Si umeona ile shida?"

Nikamwambia nimeiona kuliko mtu yeyote. Aandike hivyo hivyo.

Alitazama nyuma, msimamizi hakuwepo. Akaandika MAMA AMBOKILE kwa herufi kubwa na kuipitisha kalamu mara mbili ili wino usifutike, kisha akaniuliza, na kikikwama njiani, watajuaje ni cha nani? Nikamjibu kwamba mtoto mwenyewe atajua kimetoka kwa nani.

Nilimjibu kwa sauti, na watu waliokuwa nyuma yangu walisikia. Sina hakika na jibu hilo.